Kitunguu saumu, dawa ya kale mbele ya bakteria sugu

Kitunguu saumu kimetumika kama dawa tangu enzi za kale; kimetajwa hata katika mafunjo ya Ebers, maandishi ya tiba ya Misri ya yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo.

Huko Uingereza, kitabu cha tiba cha karne ya 10 kiitwacho Bald's Leechbook, ambacho sasa kimo katika maktaba ya British Library, kinaeleza dawa ya chokea. Kitunguu saumu hupondwa pamoja na kitunguu kingine cha jamii yake, kisha huchanganywa na mvinyo na nyongo ya ng'ombe. Mchanganyiko hukaa siku tisa katika chombo cha shaba, huchujwa kwa kitambaa, kisha hupakwa jichoni usiku kwa unyoya.

Mwaka 1944, Chester Cavallito na John Bailey wa Marekani walitenga alisini, kemikali yenye salfa inayoua bakteria. Mwaka 1948, Arthur Stoll na Ewald Seebeck wa Uswisi walitenga chanzo chake, aliini. Punje nzima haina alisini. Inapopondwa, kimeng'enya hukutana na aliini na kuzalisha alisini papo hapo; nayo hushambulia protini ambazo bakteria huzitegemea ili kuishi.

Wakati huo penisilini ilikuwa imeshika usukani wa tiba, na mimea ikawekwa kando. Lakini usugu ulifuata upesi: mwaka 1961 bakteria aina ya MRSA, wasiosikia dawa ya methisilini, walitambuliwa Uingereza.

Mwaka 2015, Freya Harrison, Christina Lee na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliitengeneza upya dawa ya chokea. Iliua hadi asilimia 90 ya MRSA katika vidonda vya panya. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa alisini peke yake haitoshi kuvunja utando unaowakinga bakteria. Nguvu hiyo hutokana na viambato vyote kwa pamoja.

Alisini huharibika upesi, na moto wa jikoni huua kimeng'enya kinachoizalisha. Kwa hiyo kula kitunguu saumu hakuchukui nafasi ya viuavijasumu alivyoandika daktari. Thamani ya mapishi haya ya kale ni kuwaonyesha watafiti pa kuanzia. Dozi na usalama wake lazima vithibitishwe kwa majaribio.