Pikapu Iliyolala: Ufundi wa Magari na Historia ya Likasi

Historia ya Likasi imezoeleka kuandikwa kwa tani za shaba. Mazoea hayo yana sababu zake, kwa kuwa mji wenyewe ulizaliwa na madini. Hata hivyo, takwimu za mgodi hazisemi mengi kuhusu maarifa waliyobaki nayo watu baada ya mgodi kudhoofika. Kwa jambo hilo shahidi mzuri zaidi ni chombo kidogo: pikapu ya zamani iliyoinuliwa juu ya matofali uani, magurudumu yakiwa yameng'olewa, ikimngojea mtu wa kuiamsha. Atakayeuliza kwa nini ilisimama, na nani anaweza kuiwasha tena, atajikuta anaulizia historia ya mji mzima.

Likasi iko kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji iliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa Société Générale de Belgique. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kiwanda cha kusafishia shaba kwa umeme hapo Shituru mwishoni mwa miaka ya 1920. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kwenda bila karakana. Kilihitaji wafua vyuma, wachomeleaji, mafundi umeme na watu wa kukereza vyuma kwa mashine. Katika miaka hiyohiyo kampuni iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikawaweka wafanyakazi makambini pamoja na wake na watoto wao. Nia yake ilikuwa kupata nguvukazi tulivu, wala haikuwa hisani. Lakini matokeo yake ni kwamba ufundi ulianza kurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Magari mengi ya Kongo ya Wabelgiji yalikuwa ya Kimarekani. General Motors na Ford zilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari Antwerp, na kutoka bandari hiyo meli zilikwenda moja kwa moja makoloni. Chukua mfano wa pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1950. Gari la umri huo lilikuwa na miaka 10 Katanga ilipojitenga mwezi Julai 1960, na miaka 11 wakati kikosi cha Waireland wa Umoja wa Mataifa kilipozingirwa mjini humo mwezi Septemba 1961. Kwa gari lililotunzwa hiyo bado ni nusu ya ujana.

Vita havikuwa sababu kuu ya magari ya aina hii kusimama. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe kwa Wazaire. Biashara ya vipuri ilikuwa mikononi mwa wageni kwa kiasi kikubwa, na wengi wa waliokabidhiwa hawakuwa na mtaji wala mawasiliano ya kuagiza mali nje. Miaka miwili baadaye vita vya Angola vikaifunga njia ya reli ya Benguela, iliyokuwa ikiiunganisha Katanga na bandari ya Lobito tangu 1931. Gari lililokuwa likihitaji gasketi moja tu likawekwa uani "kwa muda". Muda huo ulifika miaka 20.

Pigo lililofuata liliwaangukia watu. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 ilitoa chini ya tani 50,000. Kati ya miaka hiyo, kuanzia Septemba 1992, wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi kwa nguvu, na maelfu walipiga kambi katika kituo cha reli wakisubiri treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wengi wa Gécamines na wa reli. Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo kuliko ilivyo kawaida: treni zile ziliondoa mjini maarifa ya vizazi viwili. Kisha mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika kampuni kwa malipo ya mkupuo, na ufundi wao ukahamia mitaani.

Kazi yenyewe ya kuamsha pikapu kama hiyo huonyesha thamani ya maarifa hayo. Kosa la fundi mgeni ni kuleta betri na kujaribu kuwasha. Injini ya Chevrolet ya miaka ile, yenye silinda sita, hulainishwa sehemu za chini kwa vijiko vidogo vinavyochota oili katika bakuli na kuirusha, na beringi zake za konrodi zimemiminwa kwa metali laini yenye bati. Oili iliyoganda ikiachwa, metali hiyo huyeyuka mapema. Kwa hiyo fundi mzoefu hufungua bakuli kwanza, huondoa tope, hutia oili kidogo katika kila silinda kupitia matundu ya plagi, na kuizungusha injini kwa mkono, taratibu, hata kama itachukua siku kadhaa pistoni kuachia. Tangi husafishwa kutu, kabureta hufunguliwa utomvu ulioachwa na petroli iliyozeeka. Umeme wake ni wa volti 6, na nyaya zilizofunikwa kwa kitambaa huwa zimekwisha kuliwa na panya.

Lugha ya kazi hiyo ina tabaka zake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyofungamana na utawala na kazi za Wabelgiji. Gari ni mutuka, lori ni kamyo, dereva ni shofere, petroli ni esanse. Kwa upande mwingine, vipuri vya Kijapani vinavyoingia kupitia Zambia huja na majina yaliyozoeleka Dar es Salaam na Ndola, na fundi mmoja huweza kutumia maneno ya pande zote mbili katika sentensi moja bila kuona ajabu.

Injini ikishanguruma watazamaji hudhani kazi imekwisha, kumbe breki bado. Mipira ya silinda zake haipatikani tena dukani, na ya Toyota ina kipimo kingine. Hapo anatafutwa mzee aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya kampuni, naye huitoboa silinda kwa kerezo, hutia bomba jembamba la shaba nyeupe ndani yake, kisha hulichonga mpaka mpira wa Toyota ukae.