Panya Waliosoma Damu ya Entebbe

Mwaka 1936, taasisi ya Rockefeller ya Marekani ilifungua maabara mjini Entebbe, Uganda, ili kuchunguza homa ya manjano. Wataalamu walitaka kujua kama virusi vya ugonjwa huo vilikuwa vimejificha Afrika Mashariki, ingawa wagonjwa hawakuonekana.

Walitafuta jibu katika damu. Aliyeugua kwa virusi akapona hubaki na kingamwili, mara nyingi kwa miaka mingi. Mashine za kuzipima hazikuwapo bado, panya walikuwapo. Max Theiler alikuwa ameonyesha mwaka 1930 kwamba panya mweupe akidungwa virusi vya homa ya manjano kwenye ubongo hufa. Basi maji ya damu ya mwanakijiji yalichanganywa na virusi, wakadungwa panya kadhaa, kisha watu wakasubiri. Panya wakifa, damu ile haikuwa na kinga. Wakibaki hai, mwenye damu alikwisha kukutana na ugonjwa, hata kama mwenyewe hakukumbuka kuugua.

Ni kipimo cha kikatili kwa panya, lakini kilifungua macho. Katika eneo la Bwamba, Uganda, damu ya tumbili wa msituni nayo ilikutwa na kinga: homa ilikuwa ikizunguka juu mitini, mbali na macho ya madaktari.

Njia hiyohiyo ilisaidia kutambua virusi vipya. Mwaka 1937, damu ya mwanamke mwenye homa wilayani West Nile ilitoa virusi ambavyo kinga ya homa ya manjano haikuvizuia.

Kisha Zika. Aprili 1947, kima namba 766, wa aina ya rhesus kutoka Asia, alipandwa na homa akiwa ndani ya kizimba msituni Zika, karibu na Entebbe. Kima wa Asia walichaguliwa kuwa chambo cha homa ya manjano kwa sababu hawakuwa wamezoeana na virusi vya huko. Damu yake iliwafanya panya waugue. Mwezi mmoja baadaye, damu ya kima huyohuyo iliweza kuvizima virusi vilivyomtesa. Mwili wake ulikuwa umejifunza.

George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walichapisha habari hizo mwaka 1952. Baadhi ya sampuli za damu za watu wa Uganda nazo zilikuwa na kinga dhidi ya virusi hivyo, vilivyoitwa Zika kwa jina la msitu. Walioitoa damu hiyo wanastahili heshima sawa na wanasayansi hao, kwani ushahidi huo ulitoka mishipani mwao, miongo kadhaa kabla ya mlipuko wa Zika wa Brazil wa 2015.