Kachumbari, Saladi na Bakuli: Mlo wa Mboga wa Siku za Kazi

Maana na mipaka

Katika mapishi ya Afrika Mashariki, vyakula vya mboga vinavyoliwa vibichi, au vilivyopikwa na kupozwa kabla ya kuchanganywa, huingia katika makundi matatu. Kachumbari ni mboga mbichi zilizokatwa nyembamba, zikatiwa chumvi na kitu kichachu; hukaa pembeni mwa chakula kingine na haikusudiwi kushibisha. Saladi ni mchanganyiko mkubwa zaidi, aghalabu wenye majani, nayo huweza kuwa chakula cha pembeni au mlo mwepesi. Bakuli ni mlo kamili ndani ya chombo kimoja: lina wanga, kitu cha jamii ya kunde, mboga, mafuta na uchachu, kila kimoja kikiwa kimeandaliwa peke yake na kukutana na vingine wakati wa kupakua. Jani ambalo wauzaji wengi wa Tanzania huliita saladi, hapa linaitwa letusi.

Mlo wa mboga ni ule usio na nyama, kuku wala samaki. Dagaa nao ni samaki, jambo linalosahaulika mara nyingi mpishi anapotaka kukoleza. Wapo wala mboga wanaokula maziwa na mayai, na wapo wasiogusa chochote kitokacho kwa mnyama. Katika kanda hii desturi hiyo ina mizizi kadhaa: Wahindu na Wajaini wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine, Waadventista Wasabato wengi, Wakristo walio katika Kwaresima, na nyumba nyingi zisizo na kanuni yoyote, ambazo katikati ya wiki hula maharage kwa kuwa ndiyo yaliyopo. Kachumbari yenyewe asili yake ni Bara Hindi, ingawa leo mahali ilipozoeleka zaidi ni kando ya nyama choma na pilau.

Msingi wa kuainisha

Saladi huweza kupangwa kwa nchi, kwa msimu au kwa rangi. Kwa mlo wa siku ya kazi, ambapo anayepika hurudi nyumbani saa moja usiku na kutoka tena alfajiri, mpangilio wenye manufaa ni wa muda: kila kijenzi huwekwa kwenye kundi lake kulingana na saa kinazoweza kusubiri. Vijenzi vya akiba hupikwa mara moja, tuseme Jumapili, na kukaa kwenye friji siku tatu hadi nne. Humo mna jamii ya kunde iliyochemshwa, viazi vitamu, nafaka, na mchuzi wa saladi. Vijenzi vya siku moja hukatwa usiku na kuliwa kesho yake mchana: kabichi, karoti, pilipili hoho, biti iliyochemshwa. Vijenzi vya mezani hukatwa wakati wa kula na si kabla, navyo ni nyanya, tango, parachichi, letusi na majani ya giligilani.

Tofauti hii inatokana na maji. Nyanya na tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Chumvi ikigusa sehemu iliyokatwa, huvuta maji kutoka ndani ya chembe za mboga, na baada ya robo saa chini ya bakuli pamejaa maji na vipande vimelegea. Kabichi na karoti zina nyuzi ngumu, hivyo hupoteza maji taratibu, na kulegea kwao kidogo ni faida kwa kuwa hutafunika kwa urahisi. Ndiyo maana kachumbari ya kabichi iliyotengenezwa usiku huwa tamu zaidi mchana, ilhali ya nyanya iliyolala haina tena heshima. Anayebeba chakula kazini hufanya vyema kubeba nyanya nzima na kisu kidogo. Nyanya zenye nyama nzito na ganda gumu, kama zile za aina ya Tanya na Tengeru 97, huvumilia kukatwa kuliko nyanya zenye maji mengi.

Kitunguu

Kitunguu maji hakikai vizuri katika kundi lolote kati ya hayo, na kwa kuwa ndicho kinachoharibu kachumbari nyingi, kinastahili maelezo yake. Kisu kinapovunja chembe za kitunguu, vimeng'enya hukutana na misombo ya salfa na kuzalisha gesi inayochoma macho na ladha inayobaki mdomoni mpaka jioni. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola wilayani Karatu na vya Ruaha Mbuyuni, vinavyojaa katika masoko ya Tanzania, vina ukali wa kutosha, na dawa yake ni kukamua. Vitunguu viwili hupasuliwa kutoka kwenye mzizi hadi kwenye ncha, humenywa, kisha hukatwa vipande vyembamba kama mwezi mwandamo. Hutiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kubonyezwa kwa vidole kwa muda wa dakika moja, mpaka maji ya zambarau yatoke na vipande vipindike bila kukatika. Husuuzwa kwa maji safi ya baridi mara mbili na kukamuliwa kwa mkono. Ndimu hutiwa baada ya hapo. Ikitangulia huishia kwenye maji ya kusuuzia. Asidi ya ndimu hugeuza rangi ya kitunguu chekundu kuwa waridi iliyokoza, na kitunguu kilichoandaliwa hivyo hukaa kwenye friji siku mbili bila kuharibu harufu ya vyakula vingine.

Wanga

Kazi ya wanga katika bakuli ni kushibisha na kunyonya mchuzi. Viazi vitamu ndivyo vinavyofaa kuliko vyote, hasa vile vya rangi ya chungwa vinavyoitwa viazi lishe, ambavyo rangi yake ni ya betakarotini, malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini A. Huchemshwa na maganda, hupozwa, kisha humenywa na kukatwa. Vikimenywa kabla ya kuchemshwa hunyonya maji na kuvurugika. Mtama na uwele uliochemshwa mzima hubaki na punje zilizoachana hata ukipoa, sifa ambayo wali wa kawaida hauna. Mahindi mabichi ya kuchemsha hupukuchuliwa na kuongeza utamu. Mihogo lazima ipikwe ikaiva, kwa sababu mihogo mibichi, hasa michungu, ina misombo inayozalisha sianidi. Ugali hauhusiki hapa. Ni chakula chenye taratibu zake na haupendi kupozwa.

Jamii ya kunde

Hili ndilo kundi lenye uzito mkubwa katika mlo usio na nyama, na ndilo lenye tofauti nyingi za ndani. Kwa upande wa upishi limegawanyika mara mbili: zisizohitaji kulowekwa na zinazohitaji. Choroko na dengu zilizoparazwa huiva kwa nusu saa hivi bila kulowekwa. Ndizo za kutegemewa siku ambayo hakuna kilichoandaliwa. Kunde hukaa katikati. Maharage, mbaazi kavu, dengu nzima na njugu mawe hulowekwa usiku kucha, na njugu mawe huchukua saa nyingi zaidi motoni kuliko nyingine zote.

Maharage mekundu yanahitaji tahadhari ya pekee. Yakiwa mabichi yana lektini iitwayo fitohemaglutinini, inayosababisha kutapika na kuharisha. Sumu hiyo huisha kwa kuloweka angalau saa tano, kumwaga maji hayo, na kuchemsha kwa moto unaotokota hasa kwa nusu saa kabla ya kupunguza moto. Joto dogo la muda mrefu halitoshi. Mtu aliyezoea maharage ya sufuria hana cha kuhofia, kwa kuwa hayaivi kabla ya muda huo. Hatari iko kwa anayetaka yabaki na ugumu kidogo kwa ajili ya saladi.

Maharage ya saladi hutofautiana na maharage ya mboga kwa jambo moja: hayatakiwi kupasuka. Moto hupunguzwa mara tu nusu saa ya kutokota inapokwisha, chumvi hutiwa yakikaribia kuiva, na yakiiva huachwa yapoe kidogo ndani ya maji yake kabla ya kuchujwa na kuwekwa kwenye friji. Yakichujwa yakiwa moto maganda hukauka na kujikunja. Nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo moja ya yaliyoiva, kiasi kinachotosha milo kadhaa ya watu wawili.

Mboga na majani

Si kila jani huliwa bichi. Letusi, kabichi, figili, giligilani na mnanaa huliwa bila kupikwa. Sukuma wiki huliwa mbichi ikikatwa nyembamba sana na kusuguliwa kwa chumvi na ndimu mpaka ilainike. Mchicha, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, hupozwa kwa maji baridi, hukamuliwa na kukatwa. Kwa mchicha hatua hiyo pia hupunguza oksaleti. Kisamvu hakina nafasi katika saladi hata kidogo: hutwangwa na kupikwa kwa muda mrefu kwa sababu ileile ya mihogo mibichi.

Mafuta na uchachu

Mafuta hubeba ladha na husaidia mwili kufyonza karotini za karoti, mchicha na viazi lishe. Vyanzo vyake ni parachichi, alizeti, ufuta, karanga na nazi. Parachichi la Hass hugeuka zambarau nyeusi likiiva. La Fuerte hubaki kijani na hupimwa kwa kubonyezwa shingoni. Yote mawili hubadilika rangi yakikatwa, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo hukutana na hewa, na ndimu hupunguza kasi hiyo bila kuizuia kabisa. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu hutupwa. Sumukuvu haiishi kwa kukaangwa.

Uchachu hutoka kwenye ndimu, limau, siki, ukwaju, embe bichi au mtindi. Ndimu ni kali na huisha haraka mdomoni, ukwaju ni mzito na hudumu, embe bichi huongeza kitu cha kutafuna. Uchachu una kazi ya lishe pia: vitamini C ya ndimu, nyanya na hoho husaidia kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na majani, ambayo peke yake hufyonzwa kwa shida. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo hufanya kinyume chake.

Mchuzi wa saladi ni mafuta na uchachu vilivyounganishwa. Mapishi ya Ulaya hutaja mafuta sehemu tatu kwa siki moja. Kwa mboga za pwani na pilipili zake, sehemu mbili kwa moja huleta ladha iliyo karibu zaidi na kachumbari. Vitu hivi viwili hutengana visiposhikwa na cha tatu, na siagi ya karanga hufanya kazi hiyo vizuri: vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga, maji ya ndimu mbili, tangawizi iliyotwangwa, pilipili mbuzi kidogo, chumvi, na maji ya uvuguvugu yanayoongezwa taratibu mpaka mchuzi uteleze kwenye kijiko. Mchuzi wa aina hii hukaa kwenye friji siku nne. Chatini ya nazi, iliyo tamu kuliko yote, haifiki hata kesho kutwa.

Aina za bakuli

Bakuli la choroko lina choroko zilizochemshwa bila kupondeka, viazi lishe, kabichi na karoti za jana, kitunguu kilichokamuliwa, na mchuzi wa karanga. Bakuli la mbaazi hufuata ladha ya pwani: mbaazi zilizoiva, mahindi, embe bichi lililokunwa, giligilani na tui zito kidogo lenye ndimu. Bakuli la maharage na parachichi ndilo la haraka zaidi, na likipata nyanya za mezani ni kachumbari ya Kenya iliyopandishwa cheo. Makande, au githeri, hugeuka bakuli yakichujwa yakabaki makavu na kuchanganywa na hoho, kitunguu na siki. Nafaka ina upungufu wa lisini, kunde zina upungufu wa methionini, na makande yalitatua tatizo hilo zamani. Urojo wa Zanzibar, wenye viazi, bhajia, chatini na mchuzi wa embe na ukwaju, una umbo la bakuli lakini huliwa moto na hutegemea vya kukaanga, kwa hiyo uko nje ya kundi hili.

Kitu kimoja hakipatikani katika bakuli lolote kati ya haya: vitamini B12, ambayo mimea haitoi kwa kutegemewa. Anayekula mtindi na mayai huipata; asiyekula huhitaji vyakula vilivyoongezewa au vidonge.

Usafi na uhifadhi

Mboga za kuliwa mbichi huoshwa kwa maji safi yanayotiririka, au yaliyochemshwa na kupozwa pale ambapo maji ya bomba hayaaminiki. Chumvi au siki kwenye beseni haichukui nafasi ya maji salama. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu kachumbari huachwa, na bakuli hubaki na vilivyopikwa tu. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5. Wali ndio wenye hila zaidi, kwa sababu vijimbegu vya bakteria Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa na huamka wali ukipoa polepole sufuriani. Hutandazwa kwenye sinia upoe haraka, kisha huingizwa kwenye friji.

Katika chombo cha kubebea, mchuzi hutangulia chini, kisha kunde, wanga, kabichi na karoti, na majani juu kabisa. Vyote huchanganywa wakati wa kula. Pasipo friji kazini, bakuli la wali na la tui huachwa nyumbani, na hubebwa lile ambalo vijenzi vyake vilivyopikwa vimetoka kwenye friji asubuhi vikiwa baridi kabisa, likafungwa pamoja na chupa ya maji yaliyogandishwa. Kachumbari ya nyanya iliyobaki jioni na kuwekwa kwenye friji hairudi mezani ilivyo: hukaangwa kesho yake ikawa rojo la maharage, na ndimu yake hupunguza haja ya nyanya ya kopo.