Chungu, Kata na Mashine: Historia Fupi ya Maji ya Kunywa Kazini



Somo letu la uraia leo linaanzia kwenye meza ndogo iliyo kando ya dirisha, katika chumba cha walimu cha shule moja hapa Mbarara. Juu ya meza hiyo ilipangwa kuwekwa mashine ya maji ya kunywa, ile ambayo wengine huiita dispensa: chupa kubwa imepinduliwa kichwa chini, na mbele kuna bomba la maji baridi na bomba la maji moto. Kamati ya watu watano iliundwa, nami nikawa katibu wake. Tulikokotoa hivi: walimu 28, kila mmoja lita moja na nusu kwa siku ya kazi, jumla lita 42. Chupa moja hubeba lita 18.9. Chupa mbili na kidogo zingetosha. Hesabu ilikuwa sahihi, nasi tukaridhika nayo.

Jioni nilipofika getini, askari wetu, mzee aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, nasikia mashine ya maji inakuja. Na sisi wa huku nje, tutachota wapi?"

Nilikosa jibu. Kwa kweli hatukuwa tumewahesabu. Wapishi, wafagizi, mtunza stoo na askari ni watu 12, nao huanza kazi kabla yetu na kuondoka baada yetu. Swali la mzee lilinirudisha kwenye vitabu vya historia, na niliyoyakumbuka ndiyo ninayowaletea leo. Tangu kale, kila chombo cha maji ya kunywa hujibu maswali mawili kwa pamoja: je, maji haya ni salama, na je, ni nani anayeruhusiwa kuyanywa?

Tuanze na chungu. Kabla ya umeme, chungu cha udongo kilikuwa mashine ya kupozea maji. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno. Maji hupenya humo polepole, hufika nje, hukauka hewani, na yanapokauka huondoka na joto. Kando ya chungu palikuwa na kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, au kibuyu kidogo kwetu sisi wa bara. Mgeni alipopiga hodi, alipewa maji kabla ya kuulizwa habari. Hata methali zetu zimekaa karibu na kata hiyo: "Maji ya kifuu ni bahari ya chungu." Angalieni hapa, chungu si chombo bali ni mdudu, sisimizi. Kilicho kidogo kwa mmoja ni bahari kwa mwingine.

Kwenye miji ya pwani, visima na mabirika ya misikiti yaliwahudumia wengi. Huko Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba, na watu wakapata maji safi pasipo kutegemea visima vya mjini vilivyokaribiana na taka.

Hata hivyo, kata ina dosari moja: hushikwa na mikono mingi na kuguswa na midomo mingi. Dosari hiyo haikuwa ya Afrika peke yake. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow aliwafuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba, akaonyesha kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja ya barabara ya Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Mwaka 1859 jiji hilo lilipata bomba lake la kwanza la hisani la kunywea maji, lililojengwa kwenye ukuta wa kanisa ili maskini wapate maji safi bila malipo. Lilikuwa jambo jema. Lakini vikombe vyake vilifungwa kwa mnyororo, na kila aliyepita alikunywa kwa kikombe kilekile.

Iliwachukua watu nusu karne kukishuku kikombe hicho. Mwaka 1909 jimbo la Kansas, Marekani, lilipiga marufuku kikombe cha pamoja kwenye treni na mahali pa umma, kwa juhudi za daktari Samuel Crumbine. Miaka hiyohiyo vikaenea vikombe vya karatasi vya kutumiwa mara moja, pamoja na mabomba yanayorusha maji juu ili mnywaji asiguse kitu kwa mdomo. Basi swali la usalama likaanza kupata jibu. Swali la pili likabaki. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, mabomba hayo mapya yaliwekwa mawilimawili: moja la Wazungu, jingine la watu weusi. Maji yalitoka katika bomba kuu moja chini ya ardhi. Kilichotenganishwa kilikuwa heshima ya mtu. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo iliyoharamisha ubaguzi huo katika mahali pa umma.

Sasa turejee kwetu. Nakivale, iliyomo katika Wilaya ya Isingiro, ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, miaka miwili kabla ya Uganda kupata uhuru. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili kimekuwa daraja lao. Chombo chao kikuu cha maji ni kile cha plastiki cha lita 20. Waganda hukiita jerikani. Mtanzania husema dumu, Mkenya husema mtungi, na ndugu zetu wa Kongo husema bidoni, neno walilolirithi kutoka Kifaransa. Umbo lake lilibuniwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya kubebea petroli. Waingereza wakaliiga vitani, wakalipa jina linalotokana na "Jerry", lakabu waliyowapachika Wajerumani. Chombo cha vita kimekuwa chombo cha uhai. Na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi linapolenga kumpatia kila mtu lita 20 kwa siku, maana yake ni jerikani moja: ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga na ya kufulia.

Wazee wengi wa Nakivale waliotoka Kivu wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu katika siku chache. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Kuchimba visima au vyoo ilikuwa kazi ngumu. Watu wakayanywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotibiwa. Inakadiriwa kwamba katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Somo moja linalorudi kila penye msongamano wa watu ni hili: maji yanaweza kuwa safi bombani yakachafuka chomboni, kwa sababu ya mkono unaotumbukizwa na kikombe. Ndiyo sababu klorini hutiwa kwa kiasi kinachobakiza akiba ndani ya maji, kwa kawaida miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ili iendelee kulinda hata nyumbani. Na ndiyo sababu wataalamu wa afya hushauri chombo chenye mfuniko na bomba, ili mtu achote bila kuingiza mkono.

Sheria zetu nazo zina la kusema. Mwaka 2006 Bunge la Uganda lilipitisha sheria tatu zinazokutana kwenye meza yetu ile ndogo. Sheria ya Ajira iliweka haki za mfanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ilimtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa, ya kutosha, mahali ambapo wafanyakazi wote wanapafikia. Sheria ya Wakimbizi nayo ilimtambua mkimbizi kuwa mtu mwenye haki ya kufanya kazi na kusafiri nchini. Zisomeni kwa pamoja, nanyi mtaona kwamba swali la mzee wa getini halikuwa ombi la fadhila. Alikuwa akidai kilicho chake, ila alikidai kwa adabu.

Kamati ilikaa tena, safari hii mpishi mkuu akiwamo. Hesabu mpya: watu 40, lita 60 kwa siku. Tukavipima vyombo vitatu.

Mashine ya chupa inapendeza, na maji yake ni baridi. Lakini lita 60 ni chupa zaidi ya tatu kila siku, na kila chupa huwa na uzito wa kilo kumi na tisa hivi. Anayeibeba ni kijana wa stoo. Umeme ukikatika, ubaridi hupotea. Isitoshe, mabomba yake na tangi la ndani huota utando wenye vijidudu yasiposafishwa, hata kama chupa yenyewe ni safi.

Kichujio cha udongo kinatukumbusha chungu cha bibi, kwani vitundu vile vile vilivyopoza maji sasa hunasa vijidudu. Hakihitaji umeme. Ila hutoa lita moja hadi tatu kwa saa, nacho kikipata ufa hakifai tena. Kwa watu 40 tungehitaji kadhaa.

Cha tatu ni pipa la plastiki lenye mfuniko na bomba, la kutilia maji yaliyochemshwa yakatokota. Mpishi ndiye aliyesema kwamba baada ya chakula cha mchana moto wa jikoni hubaki saa nzima bila kazi. Tukachagua hilo: mapipa mawili, moja kwenye baraza ya ofisi, jingine kati ya jiko na geti. Zamu ya kuyasafisha kila Jumamosi imebandikwa ukutani, na majina ya walimu yamo.

Sitawaficha kwamba wapo wanaonung'unika. Maji hayo si baridi, na mwalimu mmoja bado huja na chupa yake ya dukani. Kuni nazo si bure, wala miti haiishi kukatwa. Uamuzi wa kiraia mara nyingi huwa hivyo: kila mtu hupata kidogo pungufu ya alichotaka, ili asiwepo anayekosa kabisa.

Nimalizie na mto. Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita katikati ya Mbarara, na maji yake hutibiwa na kusambazwa katika mabomba ya mji. Kisha huendelea kuelekea mashariki, ukiyalisha maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale. Ziwa Nakivale ndilo linalochotwa maji ya makazi. Kwa hiyo uchafu tunaoutupa mtoni hapa mjini unaelekea kwa ndugu za yule mzee. Alipouliza watachota wapi, kumbe tulikuwa tunachota mto mmoja tangu zamani, sisi juu, wao chini.

Kazi ya wiki hii: nendeni mahali ambapo mzazi au mlezi wenu anafanyia kazi. Tazameni chombo cha maji ya kunywa, kisha mwandike aya tatu kwa Kiswahili sanifu. Nani hukijaza? Nani hukisafisha? Na nani hapo hanywi?