Alama za matairi mchangani: sanaa isiyo na sura ilianzia wapi?

Kasai, miaka ya 1920. Wamisionari wamefika Mushenge, mji wa mfalme wa Wakuba, na pikipiki. Ilikuwa mashine mpya kabisa kwa eneo lile, na wageni walitarajia mfalme ashangae. Mfalme aliitazama kidogo tu. Kilichomvuta ni alama ambazo matairi yaliacha kwenye mchanga. Aliagiza mchoro ule unakiliwe, na ukaingia kwenye hazina ya michoro ya Wakuba ukiwa na jina la mfalme mwenyewe. Kisa hicho kimeandikwa katika vitabu vya wale waliochunguza sanaa ya Wakuba, na mpaka leo kinasimuliwa.

Mtu wa mjini akionyeshwa picha yenye mistari na rangi tu, bila mtu, bila mti, bila nyumba, swali lake la kwanza ni: "Sasa hii ni picha ya nini?" Waliosoma Kifaransa wanaiita art abstrait, Kiswahili cha vitabu kinasema sanaa ya dhahania. Wengi wanaiona kama mchezo wa wazungu wenye feza za kutupa, au kazi ambayo mtoto wa shule ya msingi angeweza kuifanya. Lakini mtu huyo huyo ametoka nyumbani asubuhi na kumwacha mke wake amevaa kikwembe. Vikwembe vingi havina sura ya kitu chochote, ni mistari na duara na rangi. Hakuna mama sokoni anayemuuliza muuzaji kama kikwembe ni picha ya nini. Anaangalia rangi zinavyopatana, anauliza kinaitwaje, anakirudisha, anachukua kingine, anapatana bei. Anachagua sanaa ya dhahania kwa jicho kali kuliko watu wengi wanaotembelea makumbusho.

Vitabu vya Ulaya vinasema sanaa hii ilizaliwa huko, karibu mwaka 1910. Jina linalotajwa sana ni Wassily Kandinsky, Mrusi aliyeishi Munich, Ujerumani. Mwishoni mwa 1911 alitoa kitabu kinachoeleza kwamba rangi na mistari vinaweza kugusa roho ya mtu bila kuiga kitu chochote, kama muziki unavyofanya. Mrusi mwenzake Kazimir Malevich alionyesha mraba mweusi mtupu huko Petrograd mwaka 1915, akautundika kwenye pembe ya juu ya chumba, pale ambapo Warusi huweka picha takatifu nyumbani. Watu walikasirika. Lakini hata Ulaya penyewe tarehe inagombaniwa: huko Uswidi mwanamke aitwaye Hilma af Klint alianza kuchora picha zisizo na sura mwaka 1906, kabla ya hao wote. Aliagiza zisionyeshwe mpaka miaka 20 ipite baada ya kifo chake. Alikufa 1944, na umma ukaziona mara ya kwanza katika maonyesho makubwa mwaka 1986.

Familia zilizokimbia vita zitaelewa vizuri maisha ya Kandinsky. Mwaka 1914 vita vilipoanza ilimbidi aondoke Ujerumani kwa sababu alikuwa Mrusi. Akarudi miaka ya baadaye, akafundisha katika shule iliyoitwa Bauhaus, mpaka Wanazi walipoibana ikafungwa mwaka 1933. Akakimbilia Ufaransa, na huko ndiko alikofia. Mwaka 1937 Wanazi walipanga maonyesho Munich ya kuidhihaki sanaa ya namna yake mbele ya watu. Ajabu ni kwamba watawala wenye bunduki waliogopa mistari na rangi.

Basi ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza ni ugomvi wa ndani ya Ulaya. Kwa Mkongomani una kasoro moja kubwa, kwa sababu unaruka Kasai, na unaruka msitu wa Ituri.

Tuanze na Kasai. Ufalme wa Wakuba, kati ya mito Kasai na Sankuru, ulipata nguvu katika karne ya 17 chini ya Shyaam aMbul aNgoong, ambaye wazee wanamtaja kama mtu aliyeleta ufundi mwingi kutoka safari zake, na kazi ya rafia ikiwemo. Kila mfalme mpya alipaswa kuwa na mchoro wake kwenye ngoma ya utawala wake. Ndiyo maana mfalme yule wa pikipiki aliinamia mchanga: alikuwa kazini.

Kitambaa cha Wakuba ni kazi ya mikono miwili. Mwanaume hufuma nyuzi za majani ya rafia, na kwa kuwa uzi haupiti urefu wa jani, kila kipande ni kidogo. Kikitoka kwenye mtambo ni kigumu, lazima kitwangwe mpaka kilainike. Katika kutwanga, kitambaa hutoboka. Wamama walishona viraka kuficha matundu, na watafiti wengine wanadhani kwamba viraka hivyo ndivyo vilivyozaa mtindo mzima: baada ya muda viraka viliwekwa hata pale pasipo tundu, kwa uzuri wake tu, vikitawanyika juu ya sketi ndefu ya mita kadhaa.

Halafu kuna kile kitambaa kinachofanana na mahameli. Mama huchukua sindano, huingiza uzi mwembamba wa rafia chini ya nyuzi za kitambaa bila kufunga fundo, kisha huukata kwa kisu kidogo ili manyoya yake yasimame. Mara elfu na elfu. Kipande kimoja huchukua miezi. Hana karatasi ya kufuata, mchoro uko kichwani. Na mwenye kuangalia vizuri ataona kwamba katikati ya kitambaa mistari hugeuka ghafla: iliyokuwa myembamba inanenepa, iliyokuwa inapanda inashuka. Mgeni hudhani mshonaji amekosea. Hajakosea. Mtu anayejua kushona hivyo angeweza kurudia mchoro mmoja mpaka mwisho kama angetaka.

Mwaka 1971 mwanahesabu mmoja wa Marekani, Donald Crowe, alitoa uchunguzi wake juu ya michoro hiyo. Katika hesabu kuna njia 7 tu za kurudia mchoro kwenye mkanda, na njia 17 za kuurudia kwenye uso mzima. Wakuba walikuwa wametumia zile 7 zote, na 12 kati ya 17. Wale wamama hawakufundishwa hesabu hizo darasani.

Na kitambaa hicho hakikuwa pambo tu. Kilikuwa mahari, kilikuwa malipo, kilikuwa sanda. Marehemu alivikwa vitambaa vya ukoo wake, kwani iliaminika kwamba bila hivyo wahenga waliotangulia hawatamtambua. Michoro ina majina, na mtu anayeyajua husoma kitambaa kama wengine wanavyosoma kikwembe.

Vitambaa vilitokaje Kasai? Kwa njia nyingi, nyingine safi na nyingine chafu. Mwaka 1892 mchungaji William Sheppard, Mmarekani mweusi, alifika Mushenge na kupokelewa na mfalme. Alikusanya vitambaa na vikombe vya mbao, ambavyo leo viko Hampton, Virginia, kwenye shule aliyosomea. Kati ya 1907 na 1909 Emil Torday alikusanya vingine vingi kwa ajili ya jumba la makumbusho la London. Hii ilikuwa miaka ya mpira. Sheppard huyo huyo, mwaka 1899, alitumwa kuchunguza mashambulizi ya watu waliokuwa wakitumikia serikali ya Leopold, akakuta mikono ya watu waliouawa ikikaushwa juu ya moto. Aliihesabu: 81. Baadaye aliandika jinsi kampuni ya mpira ilivyowaharibu Wakuba, na kampuni ikampeleka mahakamani Léopoldville mwaka 1909. Alishinda kesi. Mtu anayetazama mahameli ya Kasai ndani ya kioo, huko Ulaya au Marekani, mara nyingi haelezwi kwamba mikono iliyoshona na mikono iliyokatwa ni ya eneo moja na ya kizazi kimoja.

Sasa twende Paris. Mwaka 1906 mchoraji Mfaransa Henri Matisse alinunua dukani sanamu ndogo ya Wavili, watu wa pwani ya Loango, akamwonyesha kijana mwenzake Pablo Picasso. Kutoka hapo sanaa ya Ulaya ilianza kuvunja sura za watu na vitu. Matisse alikusanya pia vitambaa vya Wakuba, akavitundika ukutani karibu na kitanda chake cha kazi. Picha za nyumba yake zinavionyesha vizuri. Mwaka 1943, baada ya mabomu kufika mtaa wake mjini Nice, alihamia kijiji cha Vence, mgonjwa na mzee, na vitambaa vikaenda naye. Hapo ndipo alipoendelea kukata karatasi za rangi kwa makasi na kuzibandika, kazi ambazo leo watu wanapanga foleni kuziona. Atakayeweka karatasi zile kando ya sketi ya Kikuba yenye viraka hatahitaji mwalimu.

Si kusema kwamba Matisse aliiba. Alivipenda vitambaa vile, na hakuficha. Tatizo liko kwenye kibao cha chini. Kwenye karatasi zake kimeandikwa jina, mwaka, na mahali. Kwenye vitambaa kimeandikwa "Kuba, Kongo" na basi. Mshonaji alikuwa na jina, mama yake alilijua, na aliyenunua hakuuliza.

Kuna mmoja ambaye jina lake liliokoka. Djilatendo, ambaye jina lake kamili ni Tshyela Ntendu, alikuwa fundi cherehani huko Kasai. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtumishi wa serikali ya Wabelgiji, Georges Thiry, alimpa karatasi na rangi za maji. Djilatendo alichora wanyama, watu na magari. Alichora pia karatasi nzima za mistari na pembe tu, kama vitambaa vya nyumbani kwao. Mwaka 1931 kazi zake zilionyeshwa Brussels, katika miaka ile ile ambapo wachoraji wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama picha isiyo na sura ni picha. Kisha wale waliomletea karatasi waliacha kuleta, na habari zake zikakatika. Mwaka 2015 Paris ilimwonyesha tena, katika maonyesho ya miaka 90 ya sanaa ya Kongo.

Ituri ina historia yake, na pengine ni ya zamani kuliko ya Kasai. Kwa Wambuti, mwanaume hubandua gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu na kuligonga kwa nyundo mpaka linakuwa nguo. Kisha mama hukaa chini, nguo kwenye mapaja, akichora kwa kijiti au kwa kidole. Wino mweusi ni maji ya tunda la gardenia, mara nyingine na makaa ndani yake. Nguo ilimpokea mtoto anapozaliwa, ilivaliwa na wasichana wakati wa elima, sherehe ya kuvunja ungo, na ilivaliwa katika msiba.

Michoro ya Wambuti si ya kujaza nguo yote. Mistari inaanza pembeni, inapishana kama njia za msituni, inakatika. Halafu panabaki peupe. Hapo peupe ndipo mtu asiyezoea hukwama. Watafiti waliosikiliza nyimbo za Wambuti wamelinganisha: katika wimbo wao kila mmoja ana sauti yake, anaingia, ananyamaza, mwingine anajaza, na ule ukimya ni sehemu ya wimbo. Nguo itazamwe hivyo hivyo, polepole, kwa kuufuata mstari mmoja mpaka uishie. Mwaka 1995 kilichapishwa kitabu kizima juu ya michoro hii, na nguo zenyewe zinauzwa katika maduka ya sanaa Brussels, Paris na New York. Kibao chake ni kile kile: "Mbuti, Ituri". Mama aliyechora hayupo.

Mwishoni mwa 2002 vikosi vya waasi vilishambulia Mambasa na vijiji vya kandokando. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika habari za mauaji, ubakaji na uporaji, na Wambuti walikuwa kati ya walioumizwa. Waliofanya operesheni ile waliipa jina la Kifaransa: Effacer le tableau, yaani kufuta ubao. Lakini tableau kwa Kifaransa ni ubao wa shuleni, na ni picha iliyochorwa pia. Watu wengi wa Mambasa walikimbia, na tangu hapo eneo lile limewakimbiza watu mara nyingi tena.

Nguo ya gome haitengenezwi chini ya hema la plastiki. Inataka mti wake, inataka tunda la gardenia, inataka mwanaume wa kugonga na msitu ulio salama wa kuingia. Ila michoro ile ile ya nguo, wamama wa Kimbuti huichora pia mwilini, usoni, mikononi na miguuni. Kwa kazi hiyo maji ya tunda au makaa kidogo yanatosha, na mtoto hukaa kimya mbele ya bibi yake mpaka mstari ukauke.