Mlango wa Friji Ufunguke Upande Gani?

Mwezi uliopita nilizunguka Kariakoo nikitafuta friji ambayo mlango wake hautagonga ukuta wa jikoni kwangu. Kila muuzaji jibu lake moja: "Dada, chukua tu, fundi atahamisha bawaba." Kweli, kushoto au kulia ni kazi ya bisibisi. Swali zito ni lingine: je, mlango unafunguka kwa ndani?

Zamani friji zilifungwa kwa komeo la chuma, la kufunguliwa kwa nje tu. Huko Marekani watoto wakicheza walijificha ndani ya friji mbovu zilizotupwa, komeo likajifunga, wakafa kwa kukosa hewa. Kuta nene zilizozuia joto zilizuia na kelele zao. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alisaini sheria: friji lazima ifunguke kwa ndani. Ilipoanza kubana viwanda mwaka 1958, komeo likaondoka, ikaja sumaku ndani ya mpira wa mlango.

Fundi alikuja, akahamisha bawaba. Mwanangu wa miaka minne akausukuma mlango kwa kiganja, ukajifunga, akauvuta, ukafunguka. Akarudia mara kumi. Umeme unaliwa, najua, ila sikumgombeza.