Mkono wa Msaidizi na Hiari ya Msaidiwa

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii yafaa kuwa mlango wa habari za Ed Roberts wa California, Marekani, ambaye maisha yake yaliuliza swali zito: mtu asiyejiweza viungo akivishwa, akilishwa na kuogeshwa na mwingine, ni nani mwenye amri juu ya siku yake?

Roberts alizaliwa mwaka 1939. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 14, polio ilimpooza toka shingoni kushuka chini, akabakiwa na nguvu kidogo katika vidole vichache tu. Usiku alilala ndani ya pafu la chuma, mashine kubwa iliyompumulia. Idara ya serikali ya jimbo, iliyowasaidia walemavu kupata elimu na kazi, ilimkataa kwanza, kwa kuwa haikutazamia kwamba angefanya kazi kamwe. Uamuzi huo ulipingwa, ukatanguka. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Sakafu za mabweni hazikuweza kuchukua uzito wa mashine yake. Basi akapewa makao katika hospitali ya chuo iliyoitwa Cowell.

Hospitalini mgonjwa huamshwa, hulishwa na hulazwa kwa saa za wauguzi. Roberts hakuwa mgonjwa; alikuwa mwanafunzi. Yeye na walemavu wenzake waliomfuata huko walijichagulia wasaidizi, wakawaeleza namna ya kuinuliwa na kugeuzwa, na asiyefaa wakamwachisha. Hapo ndipo mpaka ulipoonekana: msaidizi hutoa mkono, na msaidiwa hubaki na hiari yake. Aliyetaka kukesha alikesha, na hakuomba ruhusa. Tena kwa kuwa msaidizi alipata ujira, msaada uliacha kuwa fadhili, na msaidiwa akaepukana na masimango.

Mwaka 1972 kilifunguliwa mjini Berkeley Kituo cha Maisha ya Kujitegemea, kilichoongozwa na walemavu wenyewe. Mwaka 1973 California iliweka mpango wa huduma za nyumbani, ambao humwachia msaidiwa haki ya kumchagua msaidizi, kumsimamia na kumwachisha. Mwaka 1975 Gavana Jerry Brown alimweka Roberts kuwa mkurugenzi wa idara ile ile iliyomkataa.

Walakini mkono nao una mwenyewe. Amri ya msaidiwa ikikosa kiasi, msaidizi hugeuka mtumwa. Na ujira ukiwa haba, huruma yake hufanywa kisingizio cha kumpunja. Katika Los Angeles, mwaka 1999, wasaidizi wapatao 74,000 wa mpango huo walijipatia chama cha wafanyakazi kwa kura, na haki ya msaidiwa ya kuchagua na kuachisha ikabaki kama ilivyokuwa. Haki mbili zilikaa pamoja, wala moja haikuila nyingine.

Roberts alifariki dunia mwaka 1995. Wako waliodhani kuwa mpaka kati ya msaidizi na msaidiwa huua upendo. Habari hizi zashuhudia kinyume chake: pasipo mpaka, mwenye nguvu humtawala mnyonge kwa jina la wema, na mnyonge hushindwa kulalamika, maana hajui kesho atainuliwa na nani kitandani.